Muulize Bi Stoo: Supamaketi ya mtaa inapogeuka

Mwezi huu barua zimekuja kama zimeambiana. Chumbageni wamegeuziwa duka, Mikanjuni wana wasiwasi na la kwao, Makorora kuna keshia ameambiwa akabidhi funguo za droo. Nimeona nizijibu pamoja.

Kwa msomaji mgeni: nimekaa stoo ya supamaketi moja ya hapa Tanga mjini miaka kumi na tisa. Niliingia ikiwa fremu mbili zilizobomolewa ukuta wa katikati, nikaiona ikifika matawi manne, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni na daftari siku dalali alipokuja kuhesabu friza. Jina la Bi Stoo nilipewa na vijana wa kushusha mzigo, likanikaa.

*Shikamoo Bi Stoo. Supamaketi ya hapa mtaani kwetu wamefunga siku nne, wamefungua wamegeuza kila kitu. Mama yangu ana miaka sabini na sita, amezoea kwenda mwenyewe kununua mkate, maziwa na chumvi. Juzi amerudi mikono mitupu, anasema duka limempotea. Kwa nini wanafanya hivi? — Msomaji, Chumbageni*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu, na umwambie hajachanganyikiwa. Mimi niliyepanga shelfu kwa mikono yangu nimewahi kuzunguka duka geni nikitafuta kiberiti mpaka nikakata tamaa.

Baba yangu alikuwa na duka Barabara ya Tisa, Ngamiani. Mteja alisimama nje ya kaunta, akasema anachotaka, baba akanyoosha mkono nyuma bila kutazama na kitu kikatoka. Mteja hakuhitaji kujua chumvi inakaa wapi. Hiyo ilikuwa kazi ya baba. Sasa mwaka 1916, kule Memphis, Marekani, bwana mmoja aitwaye Clarence Saunders alifungua duka akaliita Piggly Wiggly. Mteja aliingia kwa kilango cha kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia inayompitisha mbele ya shelfu zote mpaka kwa mpokea pesa. Ile kazi ya muuzaji ya kusema "leo kuna samli nzuri" ikachukuliwa na shelfu. Tangu hapo, mahali kitu kinapokaa pana thamani ya pesa.

Ndiyo maana mkate na maziwa ya mama vimepelekwa ndani kabisa. Karibu kila anayeingia anavitaka, kwa hiyo vikikaa mwisho kila mtu atapita kwanza kwenye biskuti, juisi na vyombo vya plastiki. Usawa wa macho huwekwa vyenye faida nono, au vya kampuni iliyolipia nafasi hiyo. Pipi huwekwa karibu na keshia, kimo cha mtoto. Chumvi, kiberiti na sabuni ya mche hushushwa chini, kwa kuwa anayevihitaji atainama tu. Na hapo ndipo mama wa miaka sabini na sita anapoinamishwa.

Lakini usimwone mwenye duka kama adui, maana ipo sababu ya pili ambayo mteja haioni. Maziwa hushushwa mlango wa nyuma. Katika joto letu la Februari kila dakika yanayokaa nje ya baridi ni hasara, na jokofu likiwa jirani na stoo pakiti chache zaidi huharibika. Nilimwaga maziwa mengi mno miaka ile ambayo jokofu letu lilikuwa mlango wa mbele.

Sisi tuligeuza duka mara mbili. Mara ya kwanza tulifanya wenyewe, usiku wa siku tatu, na wateja wakazoea ndani ya wiki. Mara ya pili aliletwa mchoraji kutoka Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa nzuri, siwezi kumdhulumu: taa zilimulika, njia zilipanuka, troli mbili zikapishana bila kugongana. Ila aliondoa vitu viwili. Kimoja ni benchi la mlangoni, walipokuwa wakipumzika wazee wakingoja bajaji. Kingine ni mizani ya kupimia sukari na mchele. Alisema supamaketi haipimi robo.

Ofisini sikuwa na sauti. Nilikuwa na daftari la stoo, na wiki ya tatu daftari likaanza kusema. Tulikuwa tukifungua gunia la sukari ya kupima karibu kila siku mbili. Gunia hilo liliondoka, na sukari ya pakiti haikupanda hata kidogo kuziba pengo. Maana yake wale watu wa robo hawakuhamia kwenye pakiti, walihamia kwa Mangi, mwenye kiduka cha pembeni. Na walipomfuata kwa sukari walinunua huko huko sabuni, nyanya, mafuta ya taa na vocha ya simu. Tulipoteza kapu zima kwa kuondoa mizani moja.

Benchi liliniuma zaidi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Raskazone aliyekuja kila Alhamisi, akinunua vitu vinne vile vile, akikaa kidogo, akiuliza hali za watoto wetu. Baada ya benchi kuondoka alikuja mara mbili, akasimama ameshika nguzo akingoja usafiri. Mara ya tatu hakuja.

Kwa hiyo, mwanangu, fanya hivi. Nenda na mama mara mbili au tatu, asubuhi baada ya saa nne, watu wakiwa wachache, mfuate njia moja mpaka aishike. Kisha mtafute meneja, usimtume mtu, umwambie mambo mawili: chumvi ipandishwe kutoka chini, na kiti kiwekwe mlangoni. Mwambie ukiwa umesimama na mama ubavuni. Nimekaa upande ule wa mlango, najua neno la mteja mmoja aliyekuja na mzazi wake hufika ofisini haraka kuliko karatasi kumi za kisanduku cha maoni.

*Habari za siku, Bi Stoo. Huku kwetu kuna supamaketi imefungua tawi la pili na la tatu ndani ya miaka miwili, tukafurahi. Sasa ukiingia ile ya kwanza shelfu zinaonekana zimejaa lakini vitu ni vile vile. Mke wangu anataka tuanze kuweka pesa kidogo kidogo pale kwa ajili ya friji. Wewe unaonaje? — Baba wa watoto watatu, Mikanjuni*

Nzuri, kaka. Jibu la friji ni fupi: msiweke. Wekeni benki, au kwenye kikoba cha mke wako, mkanunue kwa mkupuo siku pesa ikitimia. Jibu la kwa nini ni refu, na ndilo ninalotaka kila msomaji wa Tanga alijue.

Duka hufia stoo kwanza, mlango hufungwa baadaye. Kati ya hapo yanaweza kupita miezi minane, hata mwaka, watu wanaingia na kutoka na taa zinawaka.

Supamaketi huendeshwa kwa mali kauli. Msambazaji anashusha katoni mia za mafuta leo, anasaini karatasi, anasubiri siku thelathini au sitini alipwe. Mafuta yale yanaisha kwa siku kumi. Kwa siku ishirini au hamsini zinazobaki pesa ya mtu mwingine imelala kwenye droo ya duka. Mwenye duka mtulivu anajua si yake. Mwenye duka aliyepandwa na hamu ya kukua anaiangalia kila jioni, anaona milioni juu ya milioni, anaanza kuota tawi. Analipa kodi ya fremu mpya ya mwaka mzima, kilemba juu yake, anaweka vigae, ananunua friza na jenereta. Kafungua. Lakini kafungua kwa pesa ya mwoka mkate na ya mwenye ng'ombe wa Muheza. Tawi jipya halianzi kuleta faida mwezi wa kwanza, wala wa sita. Siku sitini zinafika, msambazaji anakuja, droo ina pesa ya leo tu.

Letu lilikufa hivyo. Tawi la pili lilitulipa. La tatu lilijikimu. La nne, lililofunguliwa kwa tarumbeta na vijana wenye fulana, lilikula yale matatu. Nakumbuka siku dereva wa mkate aliponiambia, kwa aibu, akitazama chini, "Bi Stoo, nimeambiwa nisishushe mpaka nione taslimu." Tulikuwa tumejuana miaka kumi na moja. Nilitoa pesa yangu ya sokoni nikalipa treya mbili ili shelfu isikae tupu asubuhi ile. Lilikuwa kosa. Nilikuwa nasaidia kuficha ugonjwa.

Usidhani ni ushamba wa Tanga. Nakumatt ya Kenya ilianzia Nakuru ikiuza magodoro, ikakua mpaka ikawa na maduka zaidi ya sitini katika nchi nne, yetu ikiwemo. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini yaliyokuwa Dar es Salaam na Arusha. Miaka mitatu baadaye, 2017, shelfu zake zilikuwa tupu kwa sababu wasambazaji walichoka kudai, na Januari 2020 wadai wenyewe walipiga kura kampuni ifilisiwe. Kampuni ya supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwaka 2015. Mwaka huo huo kule Marekani kampuni ya maduka ya vyakula ya A&P ilifikia mwisho wake baada ya miaka 156. Hiyo A&P, karibu na mwaka 1930, ilikuwa na maduka yapatayo elfu kumi na sita, mengi yake madogo, ya mtaani, ya watu kwenda kwa miguu. Yake ilikuwa hadithi tofauti na yetu, kwani iliachwa nyuma na wenzake walipobadilika kabla yake. Lakini fundi wake wa shelfu na keshia wake walirudi nyumbani kama mimi nilivyorudi.

Sasa dalili. Umesema shelfu zimejaa lakini vitu ni vile vile. Sisi tuliita kutandaza. Aina tano za tambi zikiisha nne, ile moja iliyobaki unaipanga mstari mrefu mpaka ifunike nafasi ya wenzake, pakiti zote zikivutwa ukingoni na nyuma yake hakuna kitu. Ingiza mkono nyuma ya safu ya kwanza. Ukigusa bati, umejua. Maji ya chupa na karatasi za chooni zikianza kuenea mpaka upande wa vyakula, ni hilo hilo, kwa kuwa ni rahisi kuzijaza kwa pesa ndogo.

Angalia vitu vya kila siku. Mkate na maziwa havidanganyi, kwa kuwa aliyevileta jana anaamua kila asubuhi kama atavileta leo. Ikifika saa tatu mkate haujaja, mara ya kwanza ni gari kuharibika. Mara ya nne katika wiki mbili ni deni. Tazama pia friza iliyozimwa ikageuzwa meza ya ndoo, na keshia mmoja kwenye mashine nne wakati foleni imefika mlangoni.

Nakuomba kitu kimoja, kaka. Usitangaze kijiweni kwamba duka linakufa. Duka lililokuwa na nafuu linaweza kuuawa na uvumi, wasambazaji wakikimbia wote siku moja. Na pengine ni ukarabati tu. Ukarabati unautambua hivi: vumbi lipo, mafundi wapo, vitu vimehamishwa hovyo, lakini maziwa ya leo yana tarehe ya leo. Nunua unachohitaji, lipa, chukua risiti, ondoka na mali yako. Kama una vocha ya zawadi au pointi za kadi, zitumie wiki hii. Duka likifungwa, vocha yako inakusimamisha kwenye mstari wa wadai, nyuma ya benki na kodi.

*Bi Stoo, mimi natengeneza achari ya maembe na ndimu nyumbani. Supamaketi niliyoipelekea inanidai, samahani, naidai 340,000 tangu mwezi wa nne, na nasikia wanafunga. Nifanye nini? — Mama Achari, Duga*

Nenda kesho, si keshokutwa. Chupa zako ambazo bado ziko kwenye shelfu, omba kuzirudisha na muandikiane idadi, maana dalali akishafunga mlango hata chupa yako mwenyewe itabidi uithibitishe. Tafuta karatasi zote za kupokelea mzigo zenye muhuri na saini. Zile unazoweka ndani ya kopo la mchele ndizo dhahabu yako. Andika barua ya madai, weka nakala, mtu wao asaini kuipokea. Wakikaa kimya, deni la mkataba la kiasi hicho linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili.

Na duka lijalo, dada yangu, usimpe mtu katoni ya tatu kabla hajalipa ya kwanza. Wakubwa wana uwezo wa kungoja siku sitini. Embe halingoji.

*Shikamoo mama. Mimi ni keshia, nimefanya kazi miaka sita na miezi minne. Wiki iliyopita meneja ametuita akasema mwisho wa mwezi tawi linafungwa, kila mtu atafute maisha. Mshahara wangu ni 260,000. Wenzangu wanasema hatuna chetu kwa kuwa duka limefilisika. Mimi nilitokea Lushoto. — Keshia, Makorora*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Keti, chukua kalamu.

Unacho chako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakulinda hata kama sababu ya kuachishwa ni biashara kuwa mbaya. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa kuwapa taarifa mapema, kuwaeleza sababu na kushauriana nanyi, au na chama chenu kama mna chama, kabla hajaamua. Kuitwa dakika kumi na kuambiwa mtafute maisha hakujafika hapo. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28, na asipopewa siku hizo alipwe mshahara wake.

Kisha kiinua mgongo. Ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka kumi. Wewe imetimia sita, ile miezi minne haihesabiwi. Sita mara saba ni siku 42. Kama unafanya kazi siku sita kwa wiki, mshahara wako wa siku unapatikana kwa kugawa wa mwezi kwa 26, nao ni 10,000. Siku 42 ni 420,000, ikiwa hiyo 260,000 yote ni mshahara wa msingi na haina posho ndani. Juu yake kuna siku ulizokwisha kufanya kazi, likizo ambayo hukuichukua, na hati ya utumishi inayosema ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Hiyo hati idai hata kama umekasirika, kwa kuwa duka lijalo wataiuliza. Na kama mwajiri ndiye aliyekuajiri ukiwa Lushoto akakuleta mjini, sheria inamtaka akurudishe ulikotoka au akupe nauli.

Usisaini karatasi yenye maneno "nimelipwa stahiki zangu zote" kabla pesa haijaingia. Mimi nilisaini, nilikuwa nimechoka na nililia, na meneja alikuwa mtu mwema tuliyefuturu naye. Nusu ya haki yangu ilibaki kwenye ile saini.

Wakikataa, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mkoa wetu ujaze fomu. Kama unalalamikia kuachishwa isivyo halali una siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Siku hizo huliwa na "subiri kidogo tutawaita". Weka alama kwenye kalenda leo. Muulize pia mtu wa TUICO, ndicho chama cha wafanyakazi wa maduka na viwanda. Na wiki hii hii, kabla ofisi yao haijahamisha makaratasi, nenda NSSF uangalie kama michango yako ya miaka sita imepelekwa yote. Kwetu kulikuwa na mashimo ya miezi saba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuuliza.

Hao wenzako wanaosema hamna chenu, waambie mwende pamoja. Makeshia sita wenye karatasi wakisimama mlango mmoja, watafunguliwa.

*Bi Stoo, hujambo. Nina duka la kaunta hapa Pongwe miaka minane. Jirani anahama, mwenye nyumba ananipa fremu yake, nataka kuvunja ukuta niwe na supamaketi ndogo watu wajichukulie wenyewe. Kuna kijana anauza shelfu na friza za duka lililofungwa mjini, bei nzuri. Nichukue? Na mashine ya kusoma bakodi ni lazima? — Mfanyabiashara, Pongwe*

Sijambo, mdogo wangu, na nimefurahi kusikia kuna anayefungua.

Ukuta usiuguse kabla ya mkataba. Wa maandishi, wa miaka isiyopungua mitatu, ukisema kodi itapandaje na nani anarudisha ukuta siku ukihama. Nimeona mtu wa Nguvumali amevunja, amepiga vigae, amepaka rangi, mwaka uliofuata mwenye nyumba akamwongezea kodi mara mbili kwa kuwa fremu sasa inapendeza.

Kaunta usiitoe yote. Bakisha kipande, weka mizani juu yake, uendelee kupima sukari, mchele, maharage na mafuta. Huko Pongwe mna watu wanaolipwa kwa wiki na wanaolipwa kwa siku. Mtu mwenye 2,000 mkononi asione haya kuingia kwako. Na weka benchi. Nimekwisha kueleza huko juu.

Mashine ya bakodi si lazima siku ya kwanza. Dunia iliuza kwa daftari mpaka tarehe 26 Juni 1974, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipopitishwa kwenye mashine kule Troy, Ohio, ikiwa bidhaa ya kwanza. Ila ukifikisha aina mia tatu za vitu utaitaka mwenyewe, kwa kuwa itakuambia kila jioni kipi kimebaki, kazi ambayo mimi nilikuwa nikiifanya kwa kidole na penseli hadi saa nne usiku. Ukiona tarakimu za mwanzo za bakodi ni 620, namba hiyo imetolewa hapa Tanzania. Mashine ya risiti ya kodi ni jambo jingine, hilo waulize TRA kabla hujafungua, usiulize baada.

Friza za mtumba niachie nikuogopeshe kidogo. Iwashwe mbele yako, ikae saa sita, weka chupa ya maji ndani uone kama inaganda, na ushike mpira wa mlango. Friza kubwa ya zamani hula umeme wa luku mpaka faida ya samaki wako wote iishie ukutani. Kama una pesa ya friza moja mpya ndogo au mbili za mtumba, nunua moja mpya.

Shelfu chukua. Chuma hakizeeki haraka, hata kwa chumvi ya bahari yetu, kama rangi haijabanduka. Angalia miguu kama haina kutu chini, hesabu ndoano za kila ubao, na udai skrubu zake zote siku ya kulipa, kwa kuwa ukirudi kesho hutazipata. Usipange juu kuliko mkono wa mwanamke wa kimo cha kawaida. Chumvi iweke usawa wa kiuno.

Za kwetu ziliuzwa hivyo hivyo, bao kwa bao, na sikujua zilikwenda wapi. Mwaka jana niliingia duka la dawa Makorora kununua dawa ya kikohozi ya mjukuu, nikaona shelfu nyeupe, na kwenye ukingo wake wa chini kibandiko chenye mwandiko wangu: CHUMVI NUSU KILO. Nilimwomba binti wa pale asikibandue. Aliinama akakisoma, akasema yuko pale mwaka wa pili na hakuwa amekiona.